Makofi ya Heru Juu

Aibu niliyoipata Heru Juu niliitafuta mwenyewe, kwa chaki yangu na mkono wangu, kwa hiyo simlaumu mtu. Hadi leo kuna watu sokoni Kasulu wakiniona hunipigia makofi mawili, polepole, halafu wanaangalia pembeni wakijifanya wanachagua maharage. Nawajua wote. Basi acheni niwasimulie mimi kabla hamjasikia kwao, maana wao wanatia chumvi (wanasema nilivaa tai mbili, nilivaa moja).

Ilikuwa miaka ya sabini, enzi za kisomo cha watu wazima, na mimi ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, mtu wa Korogwe nimepangiwa Kibondo. Nilikuwa na suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni, na daftari nililolifunika kwa gazeti, ndani yake nimeandika Kiingereza cha aina moja tu: vile vitenzi vidogo vinavyofuatwa na vijineno viwili vitatu, kisha vyote kwa pamoja vinaleta maana ambayo huwezi kuibahatisha. Kila kimoja nilikitafutia ndugu zake, yaani maneno mengine yenye maana hiyohiyo, na chini ya kila ndugu nikaandika anatofautiana vipi na wenzake. Daftari lile nililipenda, jamani, na bado naamini Kibondo nzima hapakuwa na wa kunishinda. Kwenye nyumba za walimu tulikaa wageni watupu, huyu wa Moshi, yule wa Songea, tunaamkiana shikamoo na habari za kazi, basi, kwa hiyo mwaka mzima ulipita nakaa kwa Waha bila kujua Waha wenyewe wanaamkianaje.

Hapo Kibondo ndipo nilipompata Bibiana, muuguzi, binti wa Heru Juu karibu na Kasulu. Tulipatana vizuri sana, tatizo likawa baba yake, Mzee Ruhaga, ambaye alikwisha kataa posa ya mgeni mmoja akisema binti yake hampeleki kwa watu wasiojua kusalimia. Bibiana akapanga mpango: shule ya kwao ina siku ya wazazi, mwalimu mkuu ni mjomba wake, mimi nitafika kama mgeni wa mwalimu mkuu, baba ataniona kwa macho yake, akiridhika nitume posa, asiporidhika basi yameisha, yeye hatavunja neno la baba yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wa nini, mtu mwenye daftari kama lile?

Tukapanda lori la magunia kutoka Kibondo, na njiani Bibiana akaanza kunifunda.

“Mwalimu, kwetu mtu akija kusalimia, yeye ana…”

“Bibiana,” nikamkata, “mimi ni mwalimu. Salamu nilizijua kabla ya kusoma.”

“Haya bwana,” akasema, akajifunga khanga kichwani vumbi lisimwingie.

Tulifika shuleni mapema, nikaingizwa ofisini kunywa chai, na nilipoitwa nje nikakuta ubao umeegemezwa ukutani, wazazi wamejaa nusu uwanja, wengine kwenye madawati na wengine kwenye majani, na mabenchi ya wazee bado matupu. Mwalimu mkuu akaninong’oneza: “Wasalimie wazazi, dakika mbili tu, kisha ukae.” Dakika mbili! Mimi nimetoka Kibondo juu ya magunia kwa ajili ya dakika mbili? Nikaangalia ubao, nikaangalia chaki, nikaamua niwape kitu watakachokikumbuka (na kweli wanakikumbuka). Nikawageuzia mgongo na kuandika kwa mwandiko wangu ule wa chuo: PUT UP WITH.

“Maana yake,” nikasema kwa sauti, uso ubaoni, “ni kuvumilia jambo linalokukera. Lina ndugu wanne. Wa kwanza ni tolerate. Huyu ni kukiacha kitu kiwepo ingawa hukipendi, kama mbuzi wa jirani wanaopita uani kwako kila siku nawe unawatazama tu.”

Makofi yakalia nyuma yangu. Yalikuwa ya taratibu, kwa mapigo, pwa, pwa, pwa, mtu mmoja akianza na umati ukipokea. Moyo ukanifurahi mno. Nikajiambia, kumbe hawa watu wanapenda elimu hivi, na Kibondo najichosha bure na watoto wanaosinzia!

Nikaandika wa pili, endure. “Huyu ni kustahimili taabu ndefu, kama kutembea siku nzima na viatu vinavyokubana.” Makofi tena, safari hii marefu zaidi, na sauti za watu ndani yake. Nikainamisha kichwa kidogo bila kugeuka, kama mtu mkubwa anayepokea heshima, nikasema, “Asanteni, asanteni,” nikaandika wa tatu, bear. “Huyu ni wa ndani zaidi. Ni mzigo wa moyoni, kama msiba, unaubeba kwa sababu huna pa kuutua.”

Makofi yakalia mara ya tatu, kisha umati ukanyamaza na yakabaki ya mtu mmoja tu, karibu sana na mimi. Nikageuka. Mbele yangu alisimama mzee mrefu, fimbo kaibana kwapani, ameinama, viganja vyake vinapigana polepole, ananitazama usoni na kusema “Mwakeye” kwa sauti ya upole kabisa. Nikaona, masikini, mzee wa watu Kiingereza kimemwingia mpaka hajiwezi. Nikainua mkono wenye chaki.

“Asante mzee wangu, inatosha! Keti kwanza, makofi mtapiga mwisho.”

Mzee akanyooka taratibu, akashika fimbo yake, akaenda kuketi benchi la mbele. Nikamtafuta Bibiana nione anavyojivuna, nikamwona amejifunika uso wote kwa khanga, na bado sikuelewa (hapo ndipo hujui uanze kujipiga wapi), nikageukia ubao, nikamaliza wa nne, stand. “Huyu mara nyingi hutumika kukataa. Ukisema mtu fulani siwezi kumvumilia hata kidogo, ndiye huyu unayemtumia.” Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nikauliza kama kuna swali.

Yule mzee akanyoosha fimbo. Alijua Kiswahili vizuri kuliko nilivyodhani.

“Mwalimu, hayo maneno yote ni kuvumilia?”

“Yote, mzee, ila yanapishana kidogo.”

“Nimeelewa. Wanawake wa kule nyuma wamekuja wakasalimia, umewapa mgongo, wamekuvumilia lile la kwanza, la mbuzi wa jirani. Wenzangu wametoka shambani, wamesalimia, umewaambia asanteni, wamekuvumilia la viatu. Mimi nimekuja mpaka mbele yako kukusalimia wewe mgeni, umeniambia niketi, nami nimeketi. Sasa nilikuwa nafikiria hili la nne.”

Watu walicheka mpaka madawati yakatikisika, na wakampigia makofi. Hayo ndiyo yalikuwa makofi halisi pekee siku ile, na hayakuwa yangu. Mwalimu mkuu akanivuta koti na kuninong’oneza jina la mzee. Ruhaga. Nikamkumbuka Bibiana kwenye lori, na nikatamani ubao uniangukie.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na somo. Jioni ileile Bibiana, macho mekundu, akanifundisha nyuma ya jiko la mjomba wake: unainama, unapiga viganja taratibu, unasema Mwakeye, ndiyo salamu yenyewe, unangoja upokelewe, huna haraka. Asubuhi nikavua tai, nikaenda peke yangu mpaka kwenye ua wa mzee, nikainama na kuanza kupiga makofi. Aliniona. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akapukuchua gunzi la kwanza, akapukuchua la pili, mgongo wangu unaniuma, viganja vinawaka, na nilipofika karibu na gunzi la tano (nilikuwa nimefika kwenye endure kabisa) ndipo akaweka mahindi chini, akapiga makofi yake mawili na kusema, “Mwakeye, mwalimu. Karibu.” Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Posa ilipokelewa. Tangu siku ile nimeapa, na sijavunja: sifungui mdomo mbele ya watu kabla sijawasalimu wote uso kwa uso, wawe wawili au mia.

Siku ya harusi nilisimama kutoa shukrani. Nilikuwa nimeziandaa vizuri, kwenye daftari lilelile. Nikasalimia kwa makofi, uwanja mzima ukapokea, nikafungua ukurasa wa kwanza, na kabla sijasoma neno nikamwona baba mkwe ameinua mkono.

“Asante mwanangu, inatosha! Keti kwanza.”

Nikaketi.