Salamu za Kilombero Mjini Phnom Penh

Sisi wa bonde la Kilombero hatuna salamu fupi. Ukikutana na mtu wa kijiji cha Mofu ukamwambia shikamoo ukapita zako, utasemwa hadi kijiji cha Idete. Lazima uulizie baba, mama, kaka, dada, shangazi, halafu mpunga. Ndivyo nilivyolelewa, na tabia hiyo nilipanda nayo ndege hadi Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, wakulima wenzangu waliponichagua nikajifunze kilimo cha kule. Walinichagua kwa sababu nina mdomo. Hawakusema hivyo, ila najua.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba miaka ya sabini watawala wa wakati ule waliwafukuza watu wote mjini, wakawapeleka mashambani kulima kwa mtutu wa bunduki, na wengi mno walikufa. Nikategemea mji wa huzuni. Nikakuta pikipiki moja imebeba baba, mama, watoto wawili na feni. Kando ya mto nikakuta wanawake wa rika langu wanafanya mazoezi kwa muziki wa spika, nikajiunga bila kualikwa, nikakosea kila hatua, wakacheka mpaka wakashika magoti. Wali wao tu ndio ulinikera, hauna chumvi wala mafuta. Nilinyamaza, jambo ambalo nyumbani wasingeliamini.

Nilifikia kwa mama mmoja anayepokea wageni, aliyenizidi miaka kumi na kitu. Jioni ya kwanza tulikaa mkekani, na binti mkalimani akawa anageuza Kiingereza changu cha shule kuwa Kikhmer, lugha ya kule. Nikamwamkia kama mtu aliyefunzwa.

"Baba hajambo?"

Binti akasita, akatafsiri.

"Mama je? Kaka? Dada?"

Binti akanikazia macho, lakini mimi nikishaanza salamu sisimami. Nilipofika kwa shangazi, mama yule aliinuka akaenda jikoni, na hakurudi.

"Hana mtu," binti akaninong'oneza. "Wote walikufa miaka ile, yeye akiwa mtoto. Hapa watu wa umri wake hatuwaulizi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijikasirikia, nikamkasirikia binti kwa kutonikatiza, kisha nikajikasirikia tena. Nilikuwa na siku nne zaidi nyumbani mwa mama niliyemtonesha kidonda, na sikujua uso wangu ningeuweka wapi. Usingizi ulikuja kwa shida.

Asubuhi aliniletea uji wa mchele. Binti alipofika, mama akatuita mkekani, akazungumza kwa kirefu. Binti akatafsiri.

"Anasema umuulize tena. Polepole, mmoja mmoja. Anasema ni miaka mingi hajaulizwa."

Nikaanza upya. "Baba hajambo?"

"Alikuwa anaimba akinyoa ndevu. Anaimba vibaya sana."

"Mama?"

"Mfupi, lakini mkali."

"Kaka?"

"Alinifundisha baiskeli, akaniachia ghafla, nikaingia kwenye meza ya muuza samaki." Mama akavuta sketi kidogo akanionyesha kovu la goti, akacheka, na mimi nikacheka, maana samaki nawajua na kaka nawajua.

"Dada?"

"Alikuwa bado ananyonya."

Hapo nilishindwa. Machozi yalinitoka, nikainamia bakuli langu, nikadhani tumemaliza. Mama yule alinisubiri, akanimiminia chai, kisha akamwambia binti jambo kwa sauti ya kulalamika kidogo, kama mwenyeji anayemwona mgeni anataka kuondoka mapema.

"Anauliza mbona umeishia kwa dada," binti alisema. "Ana shangazi, na ana wajomba wanne."