Beberu Juu ya Paipu

Nikiona dereva amefunga paipu za chuma kwa kamba ya katani, damu inanichemka. Namsimamisha, namfokea, sijali kama ananijua. Hapa Isiolo wanasema eti mikanda ya kufungia mzigo imenipanda kichwani. Waseme.

Kinachoniuma ni kwamba siku ile nilikuwa nimefunga vizuri. Zilikuwa paipu ndefu za kisima, mpya, bado zina mafuta ya kiwandani, zinakwenda Oldonyiro. Tajiri wangu, mwenye lori, aliniletea kamba. "Funga twende, hizi si mayai."

Ala! Nikamwambia basi akae yeye mbele ya paipu hizo. Niligongomea kabari za mbao pembeni zisibingirike, nikapitisha mikanda mitatu juu, nikaikaza mpaka viganja vikaniwaka moto.

Baada ya kupita Leparua mzee mmoja akanipungia fimbo. Alikuwa na beberu mweupe, mnene, wa kupeleka kwa wakwe wa mwanawe. Barabara ile humpiti mzee hivi hivi. Ukimpita leo, kesho ukikwama kwenye mchanga utasukuma lori peke yako.

Nikampa kiti kando yangu. Beberu akapandishwa nyuma, juu ya paipu upande wa mbele, nikasema nitamfunga mimi. Mzee akawaka.

"Mimi nimefunga ngamia kabla baba yako hajaoa. Leo utanifundisha mbuzi?"

Nikacheka, nikaegemea mlango nikimtazama. Akatafuta pa kupitishia kamba, akaona kile chuma cha kukazia mkanda wa mbele. Kilikuwa kimebanwa. Akakiinua, akapenyeza kamba, akapiga fundo safi sana. Mkanda ukalegea. Nilimwona. Wallahi nilimwona! Nikajiambia nitaukaza tukisimama mbele, kwa sababu sikutaka kumwaibisha mzee kwa kulifungua fundo lake.

Tukaondoka. Akanisimulia habari za wakwe hao, wagumu kuliko ngozi kavu, tukacheka, na mkanda nikausahau.

Kwenye korongo la mchanga ngamia walikuwa wanavuka. Nikakanyaga breki. Lori likasimama, paipu hazikusimama. Moja ya juu ilitoboa ukuta wa nyuma yetu, ikapita katikati yetu, ikatokea kwenye kioo. Mzee alikuwa amelaza mkono wake wa kulia juu ya mgongo wa kiti changu.

Nilimshusha, nikamfunga mkono kwa shuka yake. Na huku namfunga, namgombeza! Mtu anavuja damu mchangani, na mimi nauliza, "Nani alikuambia uguse mkanda wangu? Nani?" Aliuliza tu kama beberu amepona.

Beberu alipona. Mkono ulikatwa hospitalini.

Tajiri alisema makosa ni ya mzee. Polisi wakaandika hivyo hivyo, na mimi nikanyamaza, mshenzi mimi, nikaendelea kushika usukani.

Siku hizi mzee huja mjini kuuza mbuzi. Akiniona ananiita kwa furaha, anakuja mpaka mlangoni mwa lori. Kwao mkono wa kushoto haumsalimii mtu, lakini ndio aliobaki nao.

"Salaam aleikum, mwanangu," ananiambia, anaunyoosha huku ameinamisha macho. "Unisamehe kwa mkono huu."

Yeye ndiye anayeomba msamaha. Naupokea, nakaza meno, na mpaka leo sijamwambia kwamba nilimwona akilegeza mkanda.