Benchi la Kumlainisha Mkwe

Katika Msambweni yote hapakuwa na kitu cha mbao kilichosimama sawa. Nasema hivi nikijua watu wa kwetu hawatanipenda. Milango ilikwaruza sakafu, vitanda vililia mtu akijigeuza, na kila meza ilikuwa na kipande cha gunia chini ya mguu mmoja. Uhuru ulikuwa umekuja, kila mtu akisema sasa tutajifanyia mambo yetu wenyewe, na meza zikaendelea kuwekewa magunia. Karibu kazi zote hizo zilikuwa za fundi mmoja, mtu mnene mwenye furaha, ambaye alikuwa akisema, "Dawa ya mbao ni msumari," na watu wakacheka naye kana kwamba uzembe ni kipaji.

Mimi sikufundishwa na mtu. Nilikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya Wazungu huko Diani, na Uhuru ulipokuja wakafunga mizigo wakarudi kwao. Nikaachiwa funguo niilinde nyumba. Bustanini walikuwa wameacha benchi la mbao, ambalo walikuwa wamelikalia miaka yote bila kulitazama hata mara moja. Nililifungua kipande kipande, nikaliunga tena. Nikalifungua tena. Mara ya nne ndipo nilipolielewa. Halikuwa na msumari hata mmoja. Kila ulimi wa mbao uliingia tunduni mwake ukatulia. Na mbao za kukalia hazikugusana. Ziliachana kwa upana wa kidole, ili maji ya mvua yapite chini, zisioze. Nafasi zile nilizipenda kuliko kitu chochote. Niliona ndizo zinazomtenganisha mtu anayefikiri na mtu anayegongomea.

Nitakiri kwamba tangu hapo nikawa mtu mbaya wa kukaa naye. Nikialikwa mahali, macho yangu yalikuwa kwenye pembe za milango ya mwenyeji. Nikikata ubao ukapungua kwa unywele, chakula cha siku ile kilinishinda. Niliwadharau wote walioweza kula.

Mwaka uliofuata nilimposa binti wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ndiye aliyepeleka posa. Akarudi na jibu hili: "Tumesikia. Tutawajibu." Ikapita miezi mitatu, kimya. Mtu mwingine angengoja. Mimi niliona kwamba hawajanijua tu, na wakiiona kazi ya mikono yangu hawatakuwa na la kusema.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kukaa nje ya nyumba yake kila alasiri, juu ya gogo la mnazi. Mtu ameihifadhi Kurani yote kichwani, na makalio yake yako juu ya mchwa. Nikaamua kumtengenezea benchi.

Mbao za mbambakofi nilizipata kwa wapasua magogo wa upande wa vilima vya Shimba. Kazi ikanichukua wiki saba. Yule fundi angeimaliza kati ya adhuhuri na alasiri, na bado angepata muda wa kulala. Miguu niliichonga mara tatu. Egemeo sikuweka, kwa kuwa lingekaa ukutani. Kuhusu urefu, nilitaka mwalimu aweze kujinyoosha akichoka, kwa hiyo nikampima. Ijumaa msikitini nilisimama safu ya nyuma yake, nikaangalia utosi wake unafika wapi kwenye nguzo, na watu walipotoka nikarudi na futi. Nikaongeza inchi tatu za starehe.

Tulilipeleka mimi na mjomba, yeye mbele mimi nyuma, saa ya watu kutoka kusali alasiri. Wazee wanne watano walikuwa wamesimama pale kwa mwalimu. Tukapiga hodi, tukatoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba, tukaliweka chini. Wote wakalikodolea macho. Nikadhani wamestaajabu.

Akatoka dada yake mwalimu, mjane aliyeiendesha nyumba ile kwa ulimi wake, upawa ukiwa mkononi.

"Nini hii?"

"Benchi, shangazi. Zawadi ya mwalimu."

Akalizunguka. Akapitisha kidole katikati ya mbao. "Na hizi tundu?"

"Ni za maji. Yakimwagika juu, yapite yaende zake chini."

Mzee mmoja mwembamba akakohoa. "Kweli yatapita," akasema. "Hata ya karafuu maiti yatapita."

Hapo ndipo nilipoliona. Nyuma ya msikiti wetu kulikuwa na kitanda cha kuoshea maiti. Kilikuwa kirefu, hakina egemeo, na mbao zake zimeachana ili maji yapite. Kijiji kizima hakikuwa kimewahi kuona kitu kingine cha namna hiyo, na sasa mimi nilikuwa nimeleta cha pili, mlangoni kwa mzee wa miaka sabini.

"Na huu urefu?" akauliza shangazi. "Mbona kama umekatwa kwa mtu?"

Mwenye akili angenyamaza. Mimi niliona ni swali la ufundi.

"Nilimpima," nikasema.

"Ulimpima nani?"

"Mwalimu. Msikitini, kwa nguzo. Nikaongeza inchi tatu."

"Yarabi! Amempimia ndugu yangu kaburi, na inchi tatu za sadaka!"

Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjomba akavua kofia akaanza kuipangusa vumbi lisilokuwapo. Mwalimu mwenyewe hakucheka. "Dini yetu haina uchuro," akasema kwa upole. "Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mwanangu." Kisha akarudi akaketi juu ya gogo lake. Kwa kitendo kile nilimdharau kuliko waliocheka.

Shangazi alikuwa na njia nyepesi. "Pigilia ubao juu, uzibe hizo tundu, tusahau."

Nikasema haiwezekani. Nikaeleza habari za mvua, jinsi mbao zinavyofura, jinsi uozo unavyoanzia mahali maji yanapotuama. Nilieleza kwa kirefu. Nilieleza kama mwalimu wa chuo anavyowaeleza watoto wazito, mbele ya mwalimu wa chuo. Mjomba akanivuta kanzu, sikukoma.

"Huyu anabishana na ukweni kwa sababu ya upana wa kidole," akasema yule mzee mwembamba.

"Basi," akasema shangazi, "na jibu letu litangoja hadi tundu zizibwe."

Siku ya pili yake nilikutana na binti mwenyewe njia ya kisimani, ndoo kichwani.

"Hujambo, mpima watu. Nasikia umekataa kupigilia ubao."

"Litaoza," nikasema.

"Baada ya muda gani?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Miaka kumi na mitano. Labda kumi na miwili, kwa kuwa paa lenu linavuja upande ule."

"Na baba ana miaka mingapi?"

"Sabini, kwa hiyo..."

"Umeona? Unampima tena." Hakutabasamu hata kidogo. "Umeniposa mimi au umeposa mbao? Kapigilie ubao. Kesho."

Nikamwahidi kesho. Wallahi nilikusudia kesho. Lakini ubao wa kuziba kazi kama ile ulipaswa kuwa wa mti ule ule, kipande kimoja kipana, na nyuzi zake zielekee upande mmoja na zile za chini. Siku mbili zilikwisha katika kuutafuta. Nyingine zikaenda katika kupiga randa na msasa. Siku ya tisa ulikuwa laini kama shavu la mtoto, na ninakiri, kwa siku zile tisa sikumfikiria yule binti hata mara moja bila ubao kuwa katikati yetu.

Tulipofika, mimi na mjomba, mwalimu alikuwa ameketi juu ya benchi. Shangazi alikuwa kando yake akimenya muhogo. Walikuwa wamechoka kuningoja, wakamwita yule fundi, naye akalifunika kwa mbao za kasha la chai kabla chai yake haijapoa. Herufi za kasha zilikuwa zimegeuka kichwa chini. Mwalimu na shangazi walikuwa wametulia kabisa, kama watu waliokaa juu ya kitu kizuri.

"Umechelewa, mwanangu," akasema mwalimu.

Nikasimama na ubao wangu kwapani. Mjomba akaanza maneno yake ya heshima, shangazi akamkatiza.

"Tumeshauriana. Binti mwenyewe kasema ni huyu huyu. Mimi nimekubali, maana tukimwacha huko nje atakwenda kumpimia mzee mwingine. Lakini sharti moja. Benchi hili asiliguse tena. Hata kulifuta vumbi."

"Amekubali," akasema mjomba haraka, kabla sijafungua kinywa.

"Njoo ukae," akasema mwalimu.

Nikakaa. Kichwa cha msumari kilinichoma pajani. Nikatazama, nikaona misumari kumi na mmoja, mitatu imepinda ikalazwa kwa nyundo ubavuni kama mtu aliyeanguka. Mmoja ulikuwa umeipasua mbambakofi yangu kutoka ukingoni hadi karibu na mguu. Mwalimu alikuwa akisema jambo kwa sauti ya polepole, mjomba akiitikia inshallah, inshallah, shangazi akaongeza neno, wakacheka wote, nami nikacheka pia. Jicho langu lilikuwa kwenye ule ufa. Nilikuwa najiuliza kama msumari ungeweza kutolewa bila kuuongeza.

Njiani kurudi nikamuuliza mjomba wamesema harusi ni lini.

Akasimama katikati ya njia akanitazama.

"Ulikuwa umekaa pale pale, baba," akasema. "Katikati yetu."