Nusura sheria yangu ya Kiingereza nyumbani iniondolee mtoto

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe hapa Old Moshi, juu ya Kiboriloni.

Binti yangu Neema yuko darasa la pili, English medium. Mwalimu wake akaniambia vocabulary yake ni ndogo. Niliona aibu, nikajifanya mwalimu.

Nikabandika karatasi nyumba nzima: door, cup, bucket, chair. Hadi ng'ombe nilimbandikia, akaila.

Kisha nikaleta ule utaratibu wa shuleni. Akirudi, hadi chakula cha jioni ni Kiingereza tu. Ukiropoka Kiswahili, unavaa kibao shingoni.

Mke wangu alinionya, "Baba Neema, unamtisha mtoto." Nikamwambia aniache nijenge msingi.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya mfongo, huu mfereji wa wazee unaoleta maji ya mlimani kwenye migomba. Siku ya zamu unajaa hadi ukingoni.

Mama yao alikuwa sokoni. Mimi nakatakata majani ya ng'ombe, Neema yuko nyuma ya nyumba na mdogo wake Eli, wa miaka miwili.

Neema akaja mbio. Akasimama mbele yangu, mdomo unafunguka, hakuna kinachotoka.

"Daddy..."

Nami, mjinga mimi, bila kuinua macho: "In English, please."

Akaenda ukutani, akatungua kibao, akakivaa mwenyewe. Ndipo akasema, "Baba, Eli ameanguka mfongoni."

Sijui nilifikaje kule. Niliona shati kwanza, limenasa kwenye mizizi, maji yanampiga usoni. Nikamvuta. Hakulia. Nikamwinamisha, nikampiga mgongoni hadi akakohoa.

Hospitali wamesema ni mzima. Namshukuru Mungu.

Wakuu, nilimfundisha mtoto majina ya vyombo vyote, sikumfundisha kuomba msaada. Na hata angejua, mtoto aliyeogopa apige kelele kwa lugha yoyote, hata Kichagga.

Kibao nimekichoma. Ila jana jino lilikuwa linamuuma Neema, akasimama mlangoni muda mrefu, kisha akaniuliza, "Baba, naruhusiwa kusema?"

Wenye watoto, hofu ya namna hii inamtokaje mtoto? Nipo nasoma kila comment.