Kwenzi, Nondo na Nyapara wa Rongai

Mpaka leo nikimwona nondo ukutani namponda, na asiniambie mtu kwamba ni mdudu tu.

Mama yangu, Cheptanui, alimaliza miaka tisa juu ya dungu katika shamba la ngano la mzungu mmoja huko Rongai, akiwinga ndege kwa kombeo. Kwa kazi hiyo tuliruhusiwa kuishi pale na kulima nusu eka ya mahindi. Chakula chetu chote kilitoka humo.

Hakurusha mawe ovyo. Kila ndege aliyeanguka alimpasua firigisi aone amekula nini. Shomoro, ngano. Lakini kwenzi, yule wa mgongo wa buluu na kifua cha rangi ya kutu, anayeimba asubuhi mpaka unasahau baridi, alijaa viwavi tu. Mama akawa hampigi.

Nondo haimbi wala hagusi ngano. Anatua kimya, mpole, wa kijivu, anataga mayai yake na kwenda zake. Wanaokula ni watoto wake, wale viwavi. Sasa mzungu alimchukia nani? Mwenye kelele! Mavuno ya 1956 aliamuru migunga yote yenye viota ikatwe.

Mama alimpelekea Kimaiyo, nyapara wetu, firigisi ya kwenzi aliyemwokota amekufa, kiganjani.

"Mzee, angalia mwenyewe. Hii ni viwavi. Mwambie bwana aache hawa."

"Mama, wewe uliandikwa kurusha mawe, si kusoma tumbo ya ndege."

Hata hakutazama. Mjinga yule!

Migunga ikaanguka, kwenzi wakahama. Mvua ya Aprili ilileta nondo, na wiki chache baadaye viwavi walifagia ngano changa, wakavuka mtaro, wakaingia kwetu. Mama aliwaokota kwa debe siku nne, mikono ikawa kijani. Haukubaki mhindi hata mmoja.

Mzungu alikuwa safarini. Aliporudi, viwavi walikuwa wameshajizika udongoni, na Kimaiyo, kwa kuogopa kuulizwa kwa nini alidharau onyo, alisema ndege ndio waliomaliza ngano, Cheptanui alikuwa amelala.

Tuliitwa verandani. Mzungu akaamuru tuondoke ifikapo Jumamosi.

"Sawa, bwana," mama alisema. "Lakini nyamazeni kidogo. Mnionyeshe huyo ndege."

Mzungu aligeukia shamba, Kimaiyo akainamia viatu vyake. Tulisimama pale muda mrefu, na hatukusikia ndege hata mmoja.

Jumamosi tulihama hata hivyo.