Fundi Rangi na Maziwa Yake

Baba mdogo hupaka magari rangi. Akimaliza gari, hata aliyeligonga haoni palipobonyea. Gereji wanamwita Mzee Maziwa, maana kinga yake si barakoa wala glavu, ni maziwa. Akitoka kupuliza rangi kwenye kibanda kilichofungwa vumbi lisiingie, hunawa mikono kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, kisha hushushia nusu lita ya maziwa.

"Maziwa yanakata sumu," husema. "Waulize mafundi wote."

Ukimbishia, anakuuliza wewe umepaka magari mangapi. Nampenda mno, lakini ubishi wake ungemchosha punda.

Kisha akaanza kukojoa damu. Alinyamaza, mpaka mkewe, mama mdogo, alipoiona chooni, akamkokota hospitali. Mimi nilifuata nyuma na mkoba.

Baada ya vipimo, daktari alisema ni saratani ya kibofu, bado changa, itatolewa. Akamuuliza kazi yake.

"Rangi. Lakini maziwa nakunywa, daktari!"

Daktari hakucheka. "Maziwa yanaenda tumboni, mzee. Mvuke wa rangi unaenda mapafuni, na thina inapenya ngozi. Vyote vinaingia kwenye damu. Figo zinachuja, uchafu unakaa kibofuni ukisubiri kutoka. Ukikaa hapo miaka nenda rudi, seli zinaharibika, zinaanza kuzaana ovyo. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokupata, ila mafundi rangi wanaugua hivi kuliko watu wengine."

Akamtajia barakoa yenye vichujio, glavu, feni ya kutoa mvuke, sabuni badala ya thina. Baba mdogo aliitikia kwa kichwa kama mtoto anayetaka aruhusiwe kwenda kucheza.

"Na ovaroli yako anaifua nani?"

Mama mdogo alitazama viganja vyake. Ovaroli ile ameifua yeye tangu aolewe, kwa mikono mitupu, beseni moja na nguo za watoto.

Hapo ndipo ubishi wa mzee ulipovunjika. Alipopona upasuaji, alinunua barakoa mwenyewe, na ovaroli hailetwi tena nyumbani. Anaifua gereji, vibaya sana, na wenzake wanamcheka.

Siku ya kurudi kwa uchunguzi, muuguzi alimwita. Hakuinuka.

"Aanze huyu," alisema, akimsukuma mkewe taratibu.

Mama mdogo alipimwa. Tulipoambiwa kwamba hana kitu, baba mdogo alilia kwa sauti pale pale kwenye benchi, mbele za watu. Majibu yake mwenyewe ilibidi nikayaulize mimi.