Nyimbo Zote za Matope

Muhigirwa alisimama mara tatu kabla ya kumaliza mlima wa Gihundwe, na mzigo wenyewe ulikuwa redio ya kaseti tu. Mtu aliyetumia maisha yake kubeba maspika ya kukodisha, kutoka Kamembe hadi Nkanka, kutoka Nkanka hadi Rwimbogo, leo anashindwa na redio. Wanafunzi walimpita wakimwamkia, naye akawaitikia kwa kichwa, pumzi ya maneno hana.

Alikuwa anakwenda kwa Béata, mjane wa Hategekimana, kumwomba jambo ambalo aliona haya kuliomba.

Zamani yeye na Hategekimana walikuwa na bendi, pamoja na Donatien wa Bukavu. Iliitwa Matope. Donatien alipiga ngoma, Muhigirwa besi, na Hategekimana alipiga gitaa na kuimba. Muziki wao ulikuwa mzito na wa polepole. Gitaa lilinguruma kama lori la saruji linalopanda milima ya Nyungwe, na juu yake sauti nene ya Hategekimana ikalivuta kila neno hadi msikilizaji akasahau lilikoanzia. Kwenye arusi hakuna aliyewaita mara mbili. Lakini palipofiwa waliitwa, kwa sababu muziki ule haukumharakisha mtu kunyamaza. Miaka ikapita hivyo, wakizika watu wa mikoa miwili. Kisha kampuni ndogo ya muziki huko Ulaya ikazisikia nyimbo zao kwenye mtandao na kuandika kwamba hiyo ni doom metal, roki nzito ya huzuni, tena safi kabisa. Donatien alipoelezwa kwenye simu alicheka sana. "Kumbe ilikuwa na jina! Mi nilizani ni njaa."

Sasa kampuni hiyo inataka albamu moja ya nyimbo zao zote, tangu ya kwanza hadi ile waliyorekodi Hategekimana akiwa tayari mgonjwa. Clarisse, binti wa Donatien, ndiye anayezikusanya. Amezipata zote, isipokuwa wimbo wa kwanza. Nakala zake zipo, ila zimechakaa, hazifai. Kaseti ya asili imo kabatini mwa Béata, kwa kuwa wimbo ulirekodiwa siku ya arusi yake.

Muhigirwa alikuwapo siku hiyo, kwa hiyo anajua. Walipiga wimbo mwepesi, wa haraka, wa kuchezesha watu. Baadaye waliipeleka kaseti kwa kijana aliyekuwa akinakili kaseti sokoni Kamembe. Mota ya redio yake ilikuwa imechoka, ikaizungusha kaseti taratibu, na nakala zote zikatoka nzito, sauti ya Hategekimana imezama kifuani. Watu wakazinunua hivyohivyo. Bendi ilipoitwa msibani mara ya kwanza, mzee mwenye msiba akawakatiza katikati ya wimbo: hataki huo wa haraka, anataka ule wa kwenye kaseti. Wakaupiga kama wa kwenye kaseti. Hategekimana akaishusha sauti yake kwa nguvu, na tangu hapo hakuipandisha tena.

Muhigirwa hakutaka jambo hilo lijulikane leo. Alichotaka ni kaseti, na ruhusa ya Béata ili Clarisse aushushe wimbo kwa kompyuta, uwe mzito na wa polepole, ulingane na nyingine.

Béata alikuwa uani akichambua maharage.

"Karibu, Papa Gracia," akamwita kwa jina la mwanawe. "Unapumua kama muzee."

"Mi ni muzee, Maman Kamikazi. Haukuambiwa?"

"Banatuambia kila siku, tunakatala kuamini. Ikala."

Alikaa, akaeleza. Béata alimsikiliza bila kuacha maharage yake.

"Kwa hiyo munataka kumushusha."

"Tunashusha wimbo. Yeye hapana."

"Na ndani ya wimbo iko nani?"

Béata aliingia ndani, akarudi na kaseti, wakaitia redioni. Gitaa lilitoka mbio, na nyuma yake sauti nyembamba, yenye haraka, karibu ya kitoto, ikikimbilia mwisho wa mstari kama mtu aliyeitwa kula. Mashangazi walipiga vigelegele. Mahali fulani bibi arusi alicheka.

"Uyu ndiye alinioa," Béata alisema. "Ule mwingine munakuya kumuchukua, munamurudisha na koo inauma, anakunywa tangawizi siku mbili, hasemi. Kamikazi amekomaa akijua baba yake ni muntu wa kunyamaza."

Muhigirwa naye alijua hivyo. Miaka yote aliamini kwamba rafiki yake alizaliwa mkimya.

"Na siku ya kumuzika mulitupigia kaseti, ile nzito. Batu balilia sana. Mi nilikuwa namutafuta ndani yake, sikumupata."

Wimbo uliisha. Muhigirwa alijikuna shavu, akajitetea kwa mara ya mwisho.

"Batu ba Ulaya batacheka. Batasema Matope ilizaliwa na redio mbovu."

"Na ni uongo?"

Béata ndiye aliyecheka kwanza. Muhigirwa alijaribu kununa, lakini hata kununa kunataka nguvu. Akacheka naye, kidogo, kisha akampigia simu Clarisse.

"Kaseti iko. Utaiweka vile iko."

"Bila kushusha, Papa Muhigirwa?"

"Bila."

"Batu batazani ni bendi ingine."

"Ni bendi ingine," alisema, na kukata simu.

Nyimbo zilizobaki hazina dawa. Katika kila moja Hategekimana amelikaza koo lake kuitafuta sauti ya mota iliyochoka, na hakuna kompyuta itakayomrudisha alikotoka. Muhigirwa alilifikiria hilo huku akinyoosha mkono kuchukua redio. Béata akauzuia.

"Hiyo unaiacha hapa. Kamikazi anatoka kazini saa kumi na moja."

"Na kaseti Clarisse anaipata lini?"

"Angoje. Mutoto asikie baba yake kwanza."